Niliandika "Iko Sawa" Mara Arobaini

Pikipiki ilikuwa mpya. Haijamaliza hata kilomita kumi. Imenyooka, haina kosa hata la nukta.

Ikaniangusha kwenye njia tambarare, mchana kweupe, timu nzima ikitazama.

Si kwenye mruko. Si kwenye kona. Ni pale ambapo hata mama yangu mzazi angepita na ndoo kichwani bila kumwaga tone.

Mimi, mtu wa miaka kumi na moja kwenye mbio hizi, ninayelipwa kwa kazi hiyo.

Chekeni tu, sina neno. Walicheka wengi siku ile. Ila anguko lile ndilo lililonionyesha ni nani aliyemvunja mdogo wangu mkono, na tangu hapo mimi sijacheka sana.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua wengine hamuijui.

Inaitwa motokrosi. Unapewa pikipiki nyepesi yenye tairi za meno, mnakimbizana kwenye njia ya udongo iliyojaa matuta, makorongo na miruko inayokurusha juu kama ghorofa mbili. Ukishatua unakaza gesi tena kama vile hakuna kilichotokea.

Watu wanadhani kazi ni kukaza gesi. Thubutu. Kazi ni kuelewana na chombo.

Kila mwendeshaji ana vipimo vyake. Usukani uende mbele kidogo au urudi. Klachi ikae juu ya vidole au chini. Shokapu ziwe ngumu kwa ajili ya miruko au laini kwa ajili ya makorongo. Kwenye shokapu kuna skrubu ndogo, ukiizungusha kwa bisibisi inalia tik. Ongeza tik mbili tu, umepanda pikipiki nyingine.

Basi hapo waendeshaji tunagawanyika. Kuna wanaoifanya pikipiki iwafuate wao, na kuna wanaoifuata pikipiki.

Mimi nilikuwa wa pili. Unipe ngumu, unipe laini, unipe ya mtu mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, niizungushe uwanjani mara tatu na mwili ushaielewa. Nilikuwa nasema, nipeni hata toroli mradi lina injini.

Timu wakanibatiza Maji. Chombo chochote unachonitia nachukua umbo lake.

Nililipenda jina hilo jamani. Nililivaa kama medali.

Mdogo wangu, tumbo moja, tumepishana miaka minne, alikuwa kinyume changu kabisa. Nilimwingiza mimi mwenyewe kwenye timu. Alikuwa mwepesi, ana jicho, ana kasi. Lakini kuchagua kwake sasa.

"Fundi, klachi imeshuka."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Kama unene wa ukucha."

Fundi wetu, mzee wa watu aliyekuwa ameshika spana kabla sisi hatujazaliwa, anachukua rula, anapima, anakuta kweli. Imeshuka unene wa ukucha.

Wenzetu wakamwita Bi Harusi. Eti lazima apambwe ndio atoke.

Na aliyecheka kuliko wote kwenye jina hilo ni mimi, kaka yake.

Sasa sikilizeni hili, maana ndiyo roho ya habari yote.

Kwenye timu yetu kila pikipiki ilikuwa na kadi. Ukimaliza mazoezi, mwendeshaji anaandika kwa mkono wake. Iko sawa, au haiko sawa na kwa nini. Anatia sahihi. Ukiandika haiko sawa, Fundi analazimika kuweka kando kazi nyingine zote na kuvuta uzi.

Kuvuta uzi ni hivi. Anafunga uzi mwembamba kwenye tairi la nyuma, anaupitisha pande zote mbili mpaka tairi la mbele. Fremu ikiwa imepinda hata kidogo, uzi unamwambia.

Ukiandika iko sawa, uzi hauvutwi. Kwa nini uvutwe wakati mwenye makalio juu ya kiti kasema yuko salama?

Na hakuna mtu anayeruhusiwa kuandika kwenye kadi ya pikipiki asiyoipanda. Hata awe nani.

Msimu ule, kwenye mbio ya nne, nilitua vibaya. Pikipiki iligonga tuta kwa ubavu, nikaivuta, nikaendelea, nikamaliza wa pili. Fundi akabadilisha ringi la mbele. Nikazungusha mara mbili, nikachukua kalamu.

Iko sawa. Sahihi.

Wiki iliyofuata, iko sawa. Iliyofuata tena, iko sawa. Sikuwa nadanganya, naapa. Nilikuwa sisikii chochote.

Aliyesikia ni Bi Harusi.

"Kaka," akaniambia siku moja tukiwa tunavua buti, "mbona unapanda umekaa upande?"

"Upande upi?"

"Kulia. Kama mtu aliyebeba gunia begani."

Nikawageukia wenzetu. "Mmesikia? Bi Harusi kaanza kupima na makalio yangu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye akafunga begi lake akatoka.

Akaniambia mara ya pili, tukiwa wawili tu. Nikamwambia apambane na klachi yake.

Mara ya tatu hata sikumjibu.

Mbio ya mwisho wa msimu ilikuwa kwenye uwanja ambao sote tunauogopa kidogo, ingawa hakuna anayesema. Mruko wa tatu pale unakurusha na ukitua tu, kona ya kushoto inakusubiri. Hakuna nafasi ya kujipanga.

Asubuhi ya mazoezi, mdogo wangu akaenda kwa Bosi. Bosi ndiye mwenye timu, mtu wa maneno machache na mafaili mengi.

"Naomba leo nipande pikipiki ya kaka."

Bosi akanitazama. Nikaguna.

"Mpe," nikasema. "Anadhani pikipiki ndiyo inayoshinda. Akaipande aone kama itamshindia."

Niliyasema hayo mbele yake. Alikuwa anavaa glavu.

Alizungusha mara moja salama. Mzunguko wa pili, mruko wa tatu, nilimwona anatua. Tairi la mbele likaenda kushoto kuliko alivyotaka, yeye akajaribu kulirudisha, likakataa. Akarushwa mpaka kwenye matairi ya zamani yaliyopangwa kando ya kona.

Mkono wa kushoto, kwenye kifundo. Vipande vitatu.

Nilikimbia. Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Uso wake ulikuwa umejaa udongo na neno la kwanza lililomtoka halikuwa kulia.

"Imepinda. Kaka, imepinda."

"Tulia, usiongee."

"Andikeni. Ilikuwa imepinda kabla."

Fundi alivuta uzi jioni ileile, maana pikipiki iliyoanguka lazima ipimwe. Fremu ilikuwa imepinda shingoni, tairi la mbele limeachana na la nyuma kwa unene wa kalamu. Inavuta kushoto.

Swali likawa moja tu. Ilipinda kabla ya kuanguka, au ilipindishwa na kuanguka?

Msidhani ni swali la kupoteza muda. Kosa likiwa la pikipiki, timu inamtibu mpaka apone na nafasi yake inamsubiri. Kosa likiwa la mwendeshaji, anaachwa siku hiyohiyo, na linaandikwa kwenye faili lake, na hakuna timu nyingine itakayomgusa. Maisha yote ya mdogo wangu kwenye mbio yalikuwa yamening'inia hapo.

Na shahidi alikuwa mmoja. Aliyeipanda pikipiki ile msimu mzima.

Bosi akaniita ofisini. Fundi alikuwepo, amekaa pembeni na kofia yake mapajani.

"Maji, wewe ndiye unayeijua. Kabla ya jana ilikuwa imenyooka?"

"Imenyooka."

"Una uhakika?"

Jamani, nilikuwa na uhakika kuliko jina langu. Nikaongeza la kwangu ambalo hata sikuulizwa.

"Bosi, nisikufiche. Dogo alikuwa ananionea wivu. Alitaka pikipiki yangu, kaipata, imemshinda."

Fundi akanitazama. 

Nikatia sahihi. Kosa la mwendeshaji.

Mdogo wangu alipata barua akiwa bado kitandani hospitali, mkono umefungwa mpaka kiwikoni. Mama ndiye aliyemsomea. Aliponipigia simu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, umesema kweli huko?"

"Nimesema kweli Mama."

"Haya. Kama ni kweli."

Mkono ulipona, lakini kifundo hakikunjiki tena. Klachi iko mkono wa kushoto. Kwa hiyo mnaelewa.

Miezi miwili ya mapumziko ikapita. Nikala, nikalala, nikanenepa kidogo. Kwa mdogo wangu sikwenda hata mara moja. Nilijiambia namwachia muda apoe.

Msimu mpya ukaja na pikipiki mpya. Nikavaa buti mpya, helmeti mpya, nikatoka kwenye mazoezi ya kwanza nikiwa na kiburi changu kilekile cha zamani.

Mzunguko wa kwanza nikatoka nje ya njia upande wa kulia. Nikasema udongo.

Mzunguko wa pili, tambarare, nikaanguka kama nilivyowaambia.

Nikamrudishia Fundi pikipiki nikiwa nimefura.

"Mzee, hii kitu inanivuta kulia."

 Fundi akachukua uzi, akauvuta pande zote, akaurudia. Uzi uligusa tairi zote sawasawa.

"Imenyooka."

"Haiwezekani. Nimekwambia inavuta."

"Panda hapa."

Akaisimamisha juu ya stendi, injini imezimwa, haiendi popote. Nikapanda.

"Funga macho. Kaa sawasawa kabisa, kama unavyokaa siku zote. Ukiona uko sawa, niambie."

Nikafunga macho. Nikajiweka, nikavuta pumzi.

"Hapo. Niko sawa."

"Fungua."

Alikuwa amesimama mbele yangu ameshika uzi wenye nati mwishoni, unaning'inia kutoka usawa wa paji langu. Nati ilitakiwa iwe katikati ya tangi. Ilikuwa juu ya goti langu la kulia.

Nilikuwa nimekaa upande, kama mtu aliyebeba gunia begani. Na mwili wangu wote unaapa kwamba umenyooka.

Nikajirekebisha mpaka nati ikafika katikati. Nikahisi naanguka kushoto. Nikashika usukani kwa nguvu, na pikipiki iko juu ya stendi.

"Buti zako za msimu uliopita ziko wapi?" Fundi akauliza.

Zilikuwa kabatini. Nilizivaa kuanzia mbio ya kwanza mpaka siku ya ajali, sikuzigusa tena. Akazigeuza juu ya meza. Soli ya kushoto ilikuwa nzima, meno yote yapo. Ya kulia ilikuwa imeliwa mpaka unaona kitambaa.

"Buti haliliwi hivi kwa siku moja," akasema. "Hii ni miezi. Ulikuwa unaegemea kulia miezi mingi, kijana wangu, kwa sababu kitu fulani kilikuwa kinakuvuta kushoto."

Nikakaa chini sakafuni, kwenye mafuta na vumbi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nahisi."

"Mbona hukuvuta uzi?"

"Kadi ilisema iko sawa." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Na mimi nina kosa langu. Usidhani nalala vizuri."

Nilikwenda kwa Bosi na buti mkononi kama mtu anayerudisha mali mbovu dukani. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, sina la kumlaumu hapo. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akaanza kupanga kadi mezani, moja juu ya nyingine, taratibu.

Kadi arobaini. Mwandiko wangu. Iko sawa, iko sawa, iko sawa.

"Niamini buti," akasema, "au niamini mkono wako?"

"Mkono ulikosea."

"Mkono uliokosea mara arobaini unaniambia leo haukosei." Akazirudisha kadi kwenye faili. "Na nikibadilisha, kifundo chake kitakunjika?"

Nikasema hakitakunjika.

"Basi nenda kafanye mazoezi."

Sikwenda mazoezini. Nilikwenda kumtafuta mdogo wangu.

Anachonga funguo siku hizi. Ana kibanda kidogo, mashine moja, ukuta mzima umejaa funguo zisizo na meno. Mkono wa kushoto unabana, wa kulia unachonga. Nilisimama nyuma ya wateja wawili nikimwangalia anavyopitisha kidole gumba kwenye ufunguo, anakataa, anaurudisha kwenye mashine, anaupunguza kitu ambacho mimi sikukiona. Wateja walikuwa wamemzoea, hawakumharakisha.

Zamu yangu ikafika. Niliweka buti juu ya kaunta.

Hakunisalimia. Akaligeuza la kulia, akapitisha kidole gumba kwenye soli.

"Mbio ya nne," akasema.

"Nini?"

"Ulipotua vibaya. Kuanzia hapo ndipo ulipoanza kukaa upande. Msimu mzima nilikuwa nyuma yako kaka. Mimi siku zote nilikuwa nyuma yako. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa mgongo wako."

"Ungeniambia," nikasema, na kabla sijamaliza neno nikaona aibu.

"Nilikuambia mara tatu."

Nikaomba msamaha. Niliyapanga maneno njia nzima, yakatoka ovyo ovyo. Nikamwambia sikudanganya, nilikuwa sisikii, mwili ulishazoea.

"Najua hukudanganya," akasema. "Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia vizuri."

Kisha nikamuuliza swali ambalo bora ningelimeza.

"Kama ulijua imepinda, kwa nini uliiomba?"

Akasafisha mashine kwa brashi. Alisafisha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mruko wa tatu," akasema. "Ukitua pale na pikipiki inayovuta kushoto, kona inakumaliza. Wewe ungeenda kwa kasi ya mbio. Mimi nilitaka nizungushe mara mbili tu kwa kasi ya mazoezi, nirudi, niandike haiko sawa. Kadi yako nisingeweza kuiandika mpaka niipande. Nikishaandika mimi, Fundi angevuta uzi."

Akaiweka brashi chini.

"Kadi ilikuwa mfukoni mwangu," akasema. "Na kalamu. Nilijua nikirudi kuomba kalamu ungeanza kunicheka."

"Mbona hukusema hospitali? Mbona hukumwambia Bosi?"

"Ulishamwambia nina wivu, na barua ikaandika hivyo. Baada ya hapo ningesema nini?"

Mama mmoja akaja na ufunguo wa mlango uliovunjika meno. Mdogo wangu akanisogezea buti pembeni kwa kiwiko, taratibu, bila ubaya.

"Karibu mama," akamwambia yule mteja. Kisha akanigeukia. "Kaka, unamzibia mtu njia."

Nikachukua buti zangu nikaondoka. Ni miezi saba sasa. Nikienda ananipa stuli nikae, anaendelea na kazi yake. Tunaongea habari za Mama. Hiyo pekee ndiyo niliyoipata, na sidhani kama nastahili zaidi.

Sasa nyie mliosoma mpaka hapa, mimi si mhubiri, lakini nimeilipia hii kwa mkono usio wangu kwa hiyo acheni niseme.

Kuzoea kitu si kwamba kitu hicho kimenyooka. Nyumba yako, kazi yako, ndoa yako, huenda inakuvuta upande mwaka wa tano huu na wewe unaegemea tu, unajisifu hujawahi kulalamika. Na anayelalamika karibu yako unamwita dhaifu, anayejidai, Bi Harusi. Muulize aliye nyuma yako anaona nini. Akikujibu, usicheke.

Mimi bado naendesha. Nimejifunza kukaa upya, kwa uzi na nati, kila asubuhi kwenye stendi. Bado nikikaa katikati nahisi naanguka.

Na kadi siandiki tena kabla Fundi hajavuta uzi. Kila siku. Hata kama pikipiki ni mpya, hata kama nimezungusha mara moja tu. Wenzangu wanachoka kusubiri, wanakaa kwenye tairi wanapiga soga na kunicheka.

Maji hawaniiti tena. Wananiita Bi Harusi.

Naitika.